Kiti Kilichokataa Magoti Yangu

Oteli ya kando ya ziwa,
Goma, Kivu.
Jumapili, tarehe 23 Novemba 1958

Kwa dada yangu mpendwa Victoire Mukashyaka, huko Elisabethville,

Salamu nyingi za moyo. Habari za siku nyingi? Habari za nyumba, za watoto, za shemeji Julien? Mguu wake uliogongwa na mlango wa wagoni ya treni umepona, au bado anaukokota? Na mtoto wako wa mwisho, yule aliyeshikwa na surua, ngozi yake imerudi sawa? Tulimwombea misa hapa, na mama aliwasha mshumaa alioununua mwenyewe. Sisi hatujambo. Mke wangu Dancille anakohoa kidogo kwa sababu ya mvua na moshi wa kuni mbichi. Mama huko Kibati ni mzima kabisa, na mbele utasikia jinsi miguu yake ilivyo na nguvu.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu najua shemeji ndiye anayekusomea, na Kinyarwanda kwake ni kelele tu. Shemeji, nakusalimu. Ukifika mahali ambapo mimi naonekana mjinga, soma haraka.

Dada, barua yako imefika. Nasema imefika, sisemi imenifikia. Jina la mdogo wetu Grégoire lilikuwa juu ya bahasha, na ndani pia ilikuwa ya Grégoire kuanzia juu mpaka chini. Umempongeza kwa mashine. Umemuuliza kama haogopi. Umemwomba picha akiwa amekaa juu yake, uwaonyeshe majirani zako. Halafu kule chini, pale karatasi inapoisha, umeandika: "Na Anastase umsalimie." Alinisomea mstari huo kwa sauti nzuri sana. Nilimwambia asante, nikaenda kuwapa mbuzi maji.

Picha uliyoiomba imo ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwa karatasi ya sukari. Nakuomba usiifungue mpaka shemeji amalize kusoma. Nataka usikie mambo ya mashine hiyo kutoka kwangu kwanza, kwa sababu kutoka kwa mwingine umekwisha kuyasikia.

Wewe uliolewa ukaenda kabla oteli yetu haijawa na majani. Mahali pale palikuwa mawe meusi ya volkano tu, hata mjusi alikuwa anaungua miguu. Sisi ndio tuliobeba udongo kwa vikapu na kuumwaga juu ya mawe, na majani yale niliyapanda mimi kwa vidole, shina kwa shina, mpaka mgongo ukagoma. Wazungu wanayaita gazoni. Yanaanzia kwenye lango la juu na kuteremka mpaka majini. Miaka yote hiyo tuliyakata kwa kupekupe, lile panga la kufyekea, mimi mbele, wenzangu nyuma yangu, na mtu akipita barabarani alijua ni gazoni ya Anastase.

Mwaka huu patron, mwenye oteli, alisema majani yakatwe kwa mota. Alikuwa na kitabu cha picha za mashine, na aliniita mimi nichague pamoja naye. Sikia vizuri hapo. Hakumwita Grégoire.

Moja ilikuwa ya kusukuma, mtu anatembea nyuma yake. Nikasema hapana, kwa gazoni pana namna hii mtu atamaliza viatu kabla ya majani. Nyingine ilikuwa na kiti cha dereva na visu vingi vinavyozunguka pamoja. Hiyo inakata vizuri ajabu, lakini jiwe dogo likiingia katikati ya visu, kazi imekwisha, na hapa kwetu ukiokota mawe leo, mvua ya kesho inatoa mengine. Ya mwisho ilikuwa na kiti pia, na kisu kimoja kirefu kimefichwa chini ya tumbo la bati. Nikaweka kidole juu yake, nikasema ni hii.

Patron alitaka ile pana zaidi. Nilimpeleka mpaka kwenye njia ya jikoni nikapima kwa kamba, akaona mwenyewe kwamba haitapita. Nilimwambia aulize habari za freni za kuisimamisha kabla ya kuuliza habari za nguvu, kwa sababu mahali petu panateremka na mwisho wake ni maji. Nilimwambia aulize esansi, yaani petroli, inaingizwa wapi, isiwe juu ya chuma cha moto. Alinisikiliza, dada. Alikuwa anaandika ninayosema. Nilipima lango, nikapima mteremko, nikafikiri mawe. Kitu kimoja tu sikukipima, nacho ni mimi.

Unajua miguu yangu. Ni miguu mirefu ya marehemu baba, na wewe ndiwe uliyekuwa ukisema mwendo wake nimeurithi mimi peke yangu. Mashine ilipofika kwa mashua kutoka Bukavu, fundi aliyekuja nayo alinikalisha mimi wa kwanza. Kiti kilikuwa kitamu. Kina springi chini, na tundu ndogo za kupitisha maji ya mvua. Nikashika usukani. Nilipougeuza kulia ulikwama kwenye goti la kulia. Nilipougeuza kushoto ulikwama kwenye goti la kushoto. Nikapanua magoti kama mtu anayekamua ng'ombe, na hapo mguu haukufika tena kwenye freni. Kiti kimefungwa kwa bulonge, zile skrubu nene, hakirudi nyuma. Fundi alisubiri kwa adabu, halafu akasema, "Shuka, muzee. Na hii miguu, mashini haitageuka."

Akamwita mwingine. Na nani alikuwa amesimama pale na ndoo ya kumwagilia maua, kazi niliyomtafutia mimi mwenyewe? Grégoire. Unaukumbuka ufupi wake, ule tuliokuwa tunaucheka alipokuwa hafiki kwenye kamba ya nguo. Alikaa pale kana kwamba kiti kilishonwa na fundi nguo wake. Akaenda mbele, akageuka, akarudi, akasimama kwa freni mbele ya patron. Patron akapiga makofi.

Mashine niliyoichagua mimi, dada. Kwa majani niliyoyapanda mimi.

Fundi alikaa nasi akatufundisha namna ya kuitumia bila kuumia. Dereva asikate asubuhi majani yakiwa na umande, kwa sababu magurudumu yanateleza na majani yanaganda chini ya bati. Kwenye mteremko apande na kushuka moja kwa moja, asikate kwa ubavu, mashine itamlalia. Asitie esansi mota ikiwa ya moto, wala na sigara mdomoni. Asirudi nyuma bila kutazama nyuma. Majani yakiziba, azime kwanza, asiingize mkono kamwe. Na sheria iliyo kubwa kuliko zote: asishuke kwenye kiti mota ikiwa inaunguruma. Kuna mkono wa chuma pembeni unaopeleka mashine mbele, na ukiuacha mbele ukashuka, itaendelea na safari bila wewe. Nilizishika zote kichwani, kuliko hata yeye aliyekaa.

Halafu fundi akasema mtu mmoja atembee mbele kila siku, aokote mawe kabla kisu hakijayafikia, maana jiwe likitupwa na kisu kile linaweza kumtoa mtu jicho. Kapita, msimamizi wetu wa kazi, akatazama huku na huku, akanipa kikapu.

Jione wewe ungekuwa mimi. Mdogo wangu amekaa juu anapigwa na upepo wa ziwa, na mimi kaka yake nimeinama mbele yake naokota. Wageni wa oteli walitoka na kahawa yao kututazama. Mtaani Mabanga wanamwita Shofere. Wanawake wa sokoni wanamwongezea ndizi juu ya mkungu. Dancille, mke wangu wa ndoa, alimpigia pasi shati, akasema mtu anayekaa mbele ya watu lazima awe safi. Nikamuuliza anayeinama mbele ya watu aweje. Akaendelea kupiga pasi. Nina wivu, dada, nausema wazi ili usisumbuke kuutafuta katikati ya maneno. Nalala nao na kuamka nao.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho mashine haikuweza kuninyang'anya. Kwetu mdogo hamsalimii mkubwa wake akiwa amekaa. Anainuka, anavua kofia, anatoa mikono miwili. Nikamkumbusha Grégoire jambo hilo, na hakubisha. Kila nilipofika mbele yake, alisukuma ule mkono wa chuma nyuma, akazima mota, akashuka, akavua kofia, akanisalimia kwa jina la kaka mkubwa, "Yaya, umeamukaje?" Nami nilijibu taratibu, nikiuliza usingizi wake, tumbo lake, na ndoto kama ipo.

Mashine hiyo inawashwa kwa kuvuta kamba, na kamba yenyewe ni kaidi. Kila baada ya salamu alivuta mpaka shati alilopigiwa pasi likaloa. Basi nikaanza kusahau vitu. Nilisahau maji ya kunywa, nikarudi kuyachukua, nikapita mbele yake. Nilisahau kofia. Nilikwenda kumwaga mawe ya kikapu kisichojaa. Kila nikirudi, alishuka. Sijui kama wewe ungenicheka au ungenigombeza. Mimi siku hizo nilikula vizuri.

Mwishowe alichoka na kamba. Akaanza kushuka mota ikiunguruma, akiwa amesukuma tu ule mkono nyuma. Niliona. Nilijua sheria kuliko yeye. Sikusema, kwa sababu kusema kungekuwa kumwambia asishuke.

Jumamosi ya wiki iliyopita mama alikuja. Alitoka Kibati kwa miguu na kibuyu cha maziwa ya kuganda, bila kumwarifu mtu, kuja kuona kwa macho yake kitu ambacho mwanawe anapanda. Grégoire alikuwa anateremka na mashine kuelekea ziwani, mimi nikiwa mbali kidogo pembeni na kikapu changu. Akageuka kutazama nyuma, akamwona mama amesimama langoni. Wewe ungekaa? Aliruka. Aliruka kutoka kwenye kiti, kofia mkononi, akapanda mteremko mbio kumsalimia mama, na ule mkono wa chuma akauacha mbele.

Mashine ikaendelea peke yake. Haikukimbia, ilikwenda mwendo wa mtu anayewahi misa, kisu kinalia chini. Kule chini Kahambu, mama anayefua nguo za oteli, alikuwa ametandika vitambaa vya meza juu ya majani vikauke, naye ameinama amewapa mgongo wote wa juu. Ngurumo ile ameizoea, hakugeuka.

Nilikimbia. Watu hapa wanasema nilikimbia kumwokoa Kahambu, na padri amenishika bega kwa ajili hiyo. Wewe ni dada yangu, sikudanganyi. Kahambu nilimwona, na nilipiga kelele, "Mama, toka." Lakini kilichoniingia machoni ni kile kiti. Kilikuwa kitupu, kinapita mbele yangu, kinatikisika na springi yake, hakuna mtu aliyekikalia. Nikatupa kikapu nikapanda.

Magoti yakaingia chini ya usukani na kukwama palepale, kama siku ya kwanza. Goti la kushoto lilisukuma usukani upande, mashine ikapinda bila mimi kuiamuru, ikapita mbali na Kahambu, ikala kitambaa kimoja cha meza mpaka kikawa nyuzi, ikaenda kugonga ukuta wa mawe karibu na maji. Ikasimama hapo inasukuma ukuta, mota bado inaunguruma, kisu bado kinazunguka chini yangu. Mguu haukufika kwenye freni. Mkono wa chuma nilikuwa nimeuzuia kwa paja langu mwenyewe. Sikuweza kuzima na sikuweza kushuka.

Mama akateremka mpaka pale. Kibuyu hakikumwagika hata tone. Alinitazama nilivyokaa, magoti yamefika karibu na masikio, halafu akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Anastase, utanisalimia uko umekaa?"

Dada, nilivua kofia, basi. Watu wote wa oteli walikuwa wametoka, hata mpishi na kijiko chake.

Grégoire alifika akihema. Alizima mota, akangoja kisu kisimame kabisa, kama fundi alivyosema, halafu akanishika makwapani akanivuta nje. Nikasimama mbele ya mama nikamsalimia kwa mikono miwili, naye akanijibu na kuniuliza habari za Dancille kama vile hatujaona kitu.

Patron akaja. Aliona ukuta, akaona kitambaa, akaniona mimi nafuta mafuta kwenye suruali. Akauliza nani alikuwa anaendesha. Wote wakanitazama. Mimi nilikuwa bado natafuta maneno, na sijui hata leo ni maneno gani yangetoka. Grégoire akapiga hatua mbele. Akasema, "Patron, kosa ni yangu. Miye njo nilishuka bila kuzima mota. Yaya alipanda kuisimamisha."

Unaona mambo yake? Hata kosa alinipokonya. Lilikuwa karibu kuwa langu, na yeye akasimama nalo mbele ya watu wote, amenyooka, na mama anasikiliza. Patron akasema dereva anayekiri namna hiyo kesho atazima, na akamwachia kiti. Halafu akauliza kwa nini dereva wake ana mazoea ya kushuka, na kapita akaeleza mambo ya salamu, yote, na kofia niliyokuwa nasahau. Kuanzia siku hiyo ni marufuku mtu yeyote kumsalimia au kusalimiwa na dereva juu ya gazoni. Mimi natembea mbele na kikapu, mgongo wangu kwake, na siku inapita bila "yaya, umeamukaje."

Sasa sikia mambo ya juzi. Asubuhi, Dancille akiwa bado anapuliza moto, nilisikia hodi. Grégoire amesimama nje kwenye umande, kofia mkononi. Akasema, "Yaya, nimekuja kukusalimia mbele ya kazi, juu kule haturuhusiwe." Nikamkaribisha kiti, akakataa mpaka mimi nimekaa kwanza. Jana alikuja tena. Leo pia, kabla ya misa, amekuja. Nimeanza kuamka mapema nimsubiri, na simwambii.

Jana mchana, mota ikiwa imezimwa na mashine imewekwa pahali tambarare karibu na jikoni, mpiga picha alikuja kwa ajili ya picha yako. Alisema filimu yake imebakiza nafasi moja tu, nyingine zote ni za harusi, nazo atazisafisha usiku uleule. Grégoire alikuwa amevaa lile shati. Nilisogea pembeni nisiharibu picha, na kikapu changu. Akanishika mkono. Akasema, "Yaya, ikala weye. Miye sitaikala weye ukiwa umesimama."

Sasa unaweza kuifungua. Uliomba Grégoire amekaa, na huyo unayemwona amekaa, magoti yametoka pande zote mbili za usukani, ni mimi. Aliyesimama na kofia mkononi ndiye Shofere wako. Usiwaambie majirani vingine, kiti ni chake. Nilitaka nifurahi, na nilifurahi kidogo, mpaka nilipofikiri kwamba utaangalia picha hii na kusema, tazama moyo wa Grégoire. Nami sina la kukataa. Hata moyo huo namwonea wivu.

Ombi langu ni moja, dada. Ukijibu, andika jina langu juu ya bahasha. Weka la Grégoire pamoja nalo ukipenda, nimekubali, lakini langu liwe la juu. Nitamsomea mimi, na mstari wake nitausoma kwa sauti nzuri.

Mama anakusalimu na kukuuliza kama unapata maziwa huko. Dancille anakusalimu. Kahambu anakusalimu ingawa hakujui, na bado analilia kitambaa chake. Watoto wote wabusu vichwa vyao, na shemeji Julien umshukuru kwa sauti yake. Mungu awalinde katika nyumba yenu, mlango wa wagoni usiguse mtu tena, na siku moja mashua ikulete mpaka hapa nikuonyeshe majani yetu.

Ni mimi ninayekupenda, niliyezaliwa mara tu baada yako, kabla ya mwingine yeyote,

Anastase Habarurema